Ubao wa Kujaribia

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala msumeno. Niliambiwa nivue shati, nilale kifudifudi juu ya ubao mpya ulionukia maranda, na niingie nao ziwani.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, vita vikiwa vimekwisha muda si mrefu. Bukoba mjini bado kulikuwa na mabati yaliyotobolewa na nyumba ambazo wenyewe walikuwa hawajarudi. Karakana ya mitumbwi ya ushirika ilikuwa ufukweni, banda refu lisilo na kuta, na mbele yake vyombo vibovu vimepinduliwa mchangani. Vita vilikuwa vimekula mitumbwi mingi. Mingine ilichukuliwa kuvusha watu na mizigo, mingine iliachwa na wenyewe walipokimbia ikaoza kwa mvua. Sasa watu walitaka kurudi kuvua, na karakana ilihitaji mikono, hata mikono ya mtu kama mimi niliyeacha shule kabla ya kumaliza la saba.

Fundi Mkuu alikuwa mzee mfupi, Mlutheri wa Kishanda, mwenye penseli sikioni na koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka.

"Shikamoo, waitu," nilimsalimia, nikitumia neno letu la heshima.

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Najua."

"Nani kakufundisha?"

"Taata."

"Yuko wapi?"

"Hajarudi."

Mwaka ule jibu hilo halikuhitaji maelezo. Baba yangu alikwenda na mgambo ng'ambo ya mto Kagera. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Fundi Mkuu alinitazama miguu, kisha mikono.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Mawe," nilisema, tunavyomwita mama kwa Kihaya, "na wadogo zangu wawili, Asimwe na Deo. Mimi ndiye mkubwa."

"Basi wewe si mtu wa kuzama. Mwenye watu wanaomngoja hupiga mikono zaidi." Akanisukumia ubao. "Vua shati. Unaogopa?"

"Ndiyo, shikamoo, ndiyo."

Mafundi wakaangua kicheko. "Kasalimia tena!" mmoja alisema. "Huyu akizama atawaamkia na samaki."

Ninyi vijana mnaoona mitumbwi ya plastiki ikishushwa kwenye lori ikiwa tayari, pengine kazi yetu mtaiona mchezo. Haikuwa mchezo. Kila tulipopokea mbao za mti mpya, kabla ya kulaza mkuku, yaani ule mti wa chini unaobeba mtumbwi wote kama uti wa mgongo, Fundi Mkuu alichagua ubao mmoja wenye urefu wa mtu. Aliuchonga ncha ya mbele ikawa pua iliyoinuka kidogo, akaupiga randa mpaka ukawa laini. Huo ndio ubao wa kujaribia. Mjaribu aliulalia kifua na kuupeleka kwenye mawimbi ya kila aina. Mbao hazifanani. Kuna unaokunywa maji na kuwa mzito kufikia mchana. Kuna unaojipinda. Kuna uliokaushwa haraka, ambao hupasuka penye fundo wimbi likiupiga. Fundi Mkuu alisema jicho la seremala huwa linapenda ubao mzuri na kuusamehe, lakini mtu aliyeulalia majini hana nafasi ya kusamehe.

Tulikuwa na maji matatu. Maji ya kwanza yalikuwa ya ghuba, asubuhi ziwa likiwa limetulia. Hapo unatazama kama ubao unakaa sawa au unaelemea upande. Maji ya pili yalikuwa kwenye mdomo wa mto Kanoni, ambako mchanga umejaa chini na wimbi likifika hujikunja na kuvunjika. Unaligeuzia mgongo, unapiga mikono, na likikufikia ubao lazima uinue pua na kukupeleka mpaka nchi kavu. Ukizamisha pua unapinduka na kula mchanga. Maji ya tatu ndiyo tuliyoyachukia. Hayo yako chini ya miamba, ambako wimbi hugonga jiwe na kurudi, likakutana na linalokuja. Wimbi la kurudi halina sauti. Linakufikia kutoka upande usioutazama, na dawa yake ni kujilaza chini, kulegeza kiuno, na kutogombana nalo.

Siku ile nilikula mchanga mara nyingi. Mafundi waliacha kucheka, wakaendelea na kazi zao. Halafu wimbi moja likanichukua. Nilihisi tu ubao umekuwa mwepesi, na ufukwe unanikimbilia: banda, mafundi, moshi wa mama lishe, vyote vikinijia kwa pamoja. Nilipofika mchangani nilikuwa nacheka kwa sauti. Nikanyamaza mara moja. Tangu Taata aondoke hakuna aliyecheka hivyo nyumbani kwetu, nikaona kama nimechukua kitu kisicho changu.

Fundi Mkuu alikuja akauinua ubao, akaupima kwa mikono kuona umekunywa maji kiasi gani.

"Unasemaje?"

"Nadhani ni mzuri, waitu."

"Sikuulizi unadhani nini. Unakaa, au haukai?"

"Unakaa."

Hayo ndiyo yalikuwa majibu yetu mawili, unakaa na haukai. Mjaribu hakuruhusiwa kusema labda.

Ubao uliokubaliwa haukutupwa. Mtumbwi ulipokamilika, baada ya mataruma, zile mbavu za ndani, kufungwa na mbao kugongomelewa, nao ulipelekwa kwenye maji yale yale matatu ukiwa umejazwa mawe badala ya mzigo. Mwisho kabisa ubao wa kujaribia ulipigiliwa tezini, yaani nyuma, ukawa kiti cha nahodha. Nahodha alikaa juu ya ubao ambao mtu mwingine aliulalia akarudi salama. Wavuvi waliulizia hicho kabla ya kuuliza kingine chochote. "Kiti kimelaliwa?" Kama hakijalaliwa, hawakupanda.

Alikuwapo pia Bwana Samaki, ofisa wa uvuvi, aliyekuja kwa baiskeli kukagua. Hakujua kuogelea na hakulificha jambo hilo. Alisimama mbali na maji, suruali ameikunja hata hivyo, akinipigia kelele: "Kijana! Kunakuwaje huko?" Nami nilimjibu kwa kuinua mkono. Aliniletea vitunguu kutoka shambani kwake, kila alipokuja.

Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa, nikajifunza kalafati na kushona matanga. Mshahara ulitupatia chumvi, sabuni na daftari za wadogo zangu. Chakula tulikitoa kwenye kibanja chetu cha Kibeta, migombani, Mawe akilima.

Kisha Mawe akaanza homa. Homa ile iliondoka na kurudi, na kila ilipoondoka ilimwacha na nguo zilizozidi mwili. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuja na biashara ya mpakani. Baadaye hawakuuita jina lolote, walisema tu fulani anaumwa, na aliyesikia alielewa. Kwa jirani wa juu walikufa mume na mke. Kwa jirani wa chini alibaki bibi na wajukuu. Tulizoea kusikiliza asubuhi kilio kinatokea upande gani, ili tujue jembe tuliweke ndani au la.

Siku zake za mwisho Mawe hakuniachia maneno mengi. Alisema, "Walale nyumba moja. Chochote kikitokea, wewe na wadogo zako mlale nyumba moja." Nilimwahidi.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa. Aliyeongea ni Ta Laurenti, mdogo wake baba, mkulima mwenye maneno machache na mwenye matatizo yake mwenyewe.

"Asimwe aje kwangu," alisema. "Deo aende kwa shangazi yenu Kishanda. Wewe una kazi."

"Hapana, baba mdogo."

"Hapana nini?"

"Mawe alisema tulale nyumba moja."

"Mwana wa kaka yangu, kazi yako ni kulala juu ya ubao ndani ya ziwa. Siku ubao ukirudi peke yake, hawa watakula nini?"

"Haujawahi kurudi peke yake."

"Waliozama wote walikuwa wakisema hivyo."

Bibi mmoja wa ukoo, aliyekuwa amekaa kwenye majani karibu na mlango, akacheka kidogo. "Laurenti, mwache. Mtoto anawakatalia wazee wote hawa na makamasi yanamtoka. Huyo hawezi kuzama, atazamia wapi na ukaidi huo?"

Wakaniacha, kwa sharti kwamba siku nikishindwa nisibishe tena. Tangu hapo kila nilipouingiza ubao majini nilijua ninachokibeba. Wimbi likinipiga vibaya chini ya miamba, wadogo zangu wangelala nyumba mbili.

Ushirika ulipofungua karakana ndogo Muleba, kwenye mwalo wa wavuvi unaotazama kisiwa cha Bumbire, nilihamishiwa huko. Tulifunga nyumba ya Kibeta, Ta Laurenti akabaki anatunza migomba, nasi tukapanga chumba kimoja karibu na mwalo. Asimwe alipika na kusoma, Deo alikua haraka kama mgomba wa jalalani na kupenda maji kuliko daftari.

Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi, mtu mrefu aliyezungumza taratibu. Mwanzoni tulipata kazi nyingi, kwa kuwa wavuvi walikuwa wakimiminika visiwani kutoka kila upande wa ziwa kufuata sangara. Halafu watu wakaanza kuja kuomba ubao mmoja mmoja. Walisimama pembeni, kofia mkononi, na Msimamizi hakuwauliza ni wa nini. Baadaye walikuja wawili, watatu kwa siku. Mwisho tuliacha kulaza mikuku. Mbao zote zilizofika zilikatwa kwa kipimo cha masanduku ya kuzikia, na mimi mjaribu, ambaye sikuwa na cha kujaribu, nikashika msumeno.

Siku moja fundi mmoja alimaliza sanduku la mama wa mtu, na mkono wake uliozoea mitumbwi ukaendelea wenyewe. Akaanza kutia kalafati. Kalafati ni pamba iliyochovywa kwenye lami, ambayo hushindiliwa kwa patasi butu katika maungio ya mbao ili maji yasipite. Mfiwa alisimama akimwangalia.

"Fundi," alisema, "mama yangu anasafiri kwa maji?"

Fundi aliduwaa na patasi mkononi. Tukacheka, na mfiwa akacheka kuliko sisi, mpaka akakaa chini kwenye maranda na kulia. Tangu siku ile ukawa msemo wa karakana, ukavuka mpaka Bukoba. Mtu akifanya kazi isiyohitajika waliambizana, "Huyo naye anatia kalafati sanduku."

Deo hakutaka kazi ya masanduku. Alikuwa tayari kijana mwenye ndevu chache, mcheshi, anayejua kuimba.

"Kaka, mimi nakwenda Bumbire," aliniambia. "Huku tunagongea wafu misumari. Kule wanavua."

"Mawe alisema..."

"Mawe alisema tulale nyumba moja. Hakusema tulale njaa nyumba moja."

"Kule kambini wanaumwa kama huku."

"Kila mahali wanaumwa kama huku, Kaka. Nichague basi mahali penye samaki."

Sikuweza kumfunga kamba. Alikwenda na wavuvi, akawa anarudi na samaki wa kukausha, akimtania Asimwe kwamba anamtafutia mchumba mwenye injini. Kisha akawa anatuma samaki bila kuja mwenyewe. Kisha samaki nao wakakoma.

Aliyeleta habari ni Masatu, mvuvi mgeni aliyetoka Ukerewe, aliyekuwa akilala kibanda kimoja na Deo. Alinikuta nikipiga randa.

"Mdogo wako amekonda," alisema.

"Sana?"

Masatu alitazama mbao zilizosimamishwa ukutani. "Anataka kurudi Kibeta. Nimewazungukia wenye mitumbwi wote. Hakuna anayetaka. Wanasema akifia chomboni samaki watakihama."

"Na wewe huogopi?"

"Mimi mgeni. Samaki wa huku hawanijui."

Karakanani kulikuwa na mtumbwi mmoja mpya, wa kwanza kwa muda mrefu, ulioagizwa na watu wa Bukoba. Ubao wake nilikuwa nimeulalia katika maji ya kwanza tu, ya utulivu, na mtumbwi wenyewe ulikuwa haujaingia ziwani kabisa. Nao ulikuwa msimu wa upepo wa kusini, ambao huliamsha ziwa mapema na kulichelewesha kulala. Nilikwenda kwa Msimamizi.

"Mtumbwi haujajaribiwa," alisema.

"Nitaujaribu kwa safari hiyo, waitu. Kutoka Bumbire moja kwa moja mpaka Bukoba, ndiko unakokwenda."

"Na dada yako akibaki peke yake?"

Hilo ndilo nililokuwa nikijiuliza tangu asubuhi. Nikasema, "Nikimwacha Deo kule, tumeshatengana tayari."

Alivua miwani yake akaifuta. Alikuwa amezika watoto wawili mwaka ule. "Kiti usikipigilie," alisema mwishoni. "Mgonjwa atahitaji pa kulala."

Asimwe alitangulia Kibeta kwa lori, kufungua nyumba na kuwasha moto. Alipopanda hakuniambia nijihadhari. Alisema, "Nitapika vya watu watatu," akageuza uso.

Mimi na Masatu tulivuka usiku, ziwa likiwa limelala, na asubuhi Deo tulimkuta amekaa nje ya kibanda, amefungwa blanketi, akiota jua. Nilipombeba nilishtuka. Ubao ulikuwa mzito kuliko yeye. Tulimlaza juu yake katikati ya mtumbwi, kichwa upande wa tezi nilikosimama na usukani.

"Kaka," alisema, "leo mimi ndiye mjaribu."

"Basi fanya kazi. Nitakuuliza tukifika."

"Usimpe cheo," Masatu alisema, akivuta tanga. "Atataka na kofia."

Safari ya kurudi ilinipa yale maji mawili yaliyobaki, kwa mpangilio wa kinyume. Tulianza na yale niliyoyachukia. Tulipotoka kwenye ghuba ya kisiwa upepo ulikuwa umekwisha kusukuma mawimbi kwenye miamba, na yalikuwa yakirudi. Tabia ya mtumbwi kwenye mawimbi nilikuwa siijui. Wimbi la kurudi lilitunyanyua kutoka kushoto wakati mimi natazama kulia, mtumbwi ukalala upande mpaka Masatu akashika mlingoti kwa mikono miwili. Miguu yangu ilitaka kukaza. Nikakumbuka kulegeza kiuno, nikauachia usukani kidogo, na mtumbwi ukajinyanyua wenyewe taratibu, kama mzee anayeamka kitini. Nilijua basi kwamba mkuku wake ulilazwa vizuri.

Nje, kwenye maji wazi, kulikuwa na mawimbi marefu kutoka nyuma. Hayo hatukuwa nayo katika majaribio yetu, kwa sababu hayaji karibu na pwani. Yanakufuata, yanakuinua tezi, na mtumbwi unaanza kuteremka mbele yake kwa kasi kuliko tanga lilivyokusudia. Ni raha, na ni hatari. Ukiuachia ukimbie mno, pua inachimba wimbi la mbele na habari yenu imekwisha. Kila wimbi lilipotuinua nilihesabu pumzi, nikauzuia kwa usukani, nikauachia tena. Masatu hakuacha kukumba maji na kuyamwaga nje, maana ungio moja la ubavuni lilikuwa likivuja. Maji yalimfikia Deo mgongoni.

"Kaka."

"Nakusikia."

"Nimechoka kulowa. Kule kambini nililowa mchana, nikalala nimelowa. Nikifa nisilowe."

"Hufi leo."

"Sijasema leo."

Masatu alivua shati lake, akalikunja, akalisukumia chini ya mabega yake, akaendelea kukumba.

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipoiona Bukoba, na kwenye mdomo wa mto Kanoni mchanga ulikuwa mweupe kwa povu. Nilitaka kwenda kutua mahali penye utulivu, lakini upepo haukuniruhusu kugeuka. Ubavu wa mtumbwi ungeelekea kwenye wimbi. Ikabidi tuingie pale pale nilipokula mchanga siku ya kwanza. Tulishusha tanga. Niliacha wimbi moja lipite, likavunjika mbele yetu. Nikaacha la pili. La tatu nililisikia miguuni kabla sijaliona.

"Piga!" nilimwambia Masatu, naye akapiga kasia kwa nguvu zake zote. Likatuchukua. Mtumbwi uliinua pua kama ulivyofundishwa, ukawa mwepesi, ufukwe ukaanza kutukimbilia, na katikati ya mvumo wa maji nilimsikia Deo anacheka. Hakuwa na pumzi za kucheka, lakini alicheka mpaka mkuku ukagusa mchanga.

Niliruka, nikamwinamia. "Unasemaje, mjaribu?"

"Unakaa," alisema.

Jioni ile Asimwe alipakua vya watu watatu, na Deo akala vijiko viwili vya mchuzi ili asimwaibishe. Tulilala nyumba moja.

Aliishi mpaka msimu wa senene. Asimwe aliwakaanga panzi hao, akamchagulia wale waliokauka vizuri, naye akawa anawanusa zaidi ya kuwala. Alikufa asubuhi, mvua ikinyesha.

Mji mzima haukuwa na mbao. Niliuliza karakana zote nikarudi mikono mitupu. Ta Laurenti alisema kwa upole kwamba wazee wetu walizikwa kwa lubugo, nguo ya gome, na hawakulalamika. Alisema kweli. Lakini mvua ilikuwa haijakatika, na kaburi lililochimbwa migombani lilikuwa limeanza kukusanya maji.

Kabla sijamjibu alifika Fundi Mkuu, amezeeka, macho yamefifia, na koti lile lile. Alikuwa akisukuma baiskeli, na juu ya baiskeli amefunga ubao. Niliutambua kwa pua yake. Ulikuwa umebaki kwenye karakana ya Bukoba ukingoja kupigiliwa kwenye mtumbwi tuliokuja nao.

"Nahodha atakosa kiti, waitu," nilimwambia.

"Atasimama. Wewe hukusimama?"

Ule ukawa ubao wa chini. Pembeni tulitumia mbao za mitumbwi mibovu ya wakati wa vita, ambazo yeye alituma ziletwe. Niliunda mwenyewe, chini ya paa la jiko, watu wakitazama. Nilipomaliza kupigilia nikachukua pamba, nikachukua lami, nikachukua patasi butu, nikaanza kutia kalafati.

Watu walitazamana. Msemo ule walikuwa wanaujua wote. Ta Laurenti alinijia akasimama juu yangu, nami nikangoja autamke, sikuinua kichwa. Alichuchumaa. Akachukua pamba, akaanza kunisokotea, akinipa uzi mmoja mmoja, mpaka tukalizunguka sanduku lote.

Mtumbwi ule ulikwenda kwa wenyewe bila kiti. Nilisikia manahodha wake waliuongoza kwa kusimama, na kwamba wavuvi wengine waliwacheka, kisha wakazoea.

Nilirudishwa Bukoba, nikawa mjaribu, kisha fundi, kisha, Fundi Mkuu alipofariki, nikakalia kigoda chake. Mbao zilianza tena kuwa za mitumbwi. Niliwafundisha vijana kulala juu ya ubao, nikawauliza kila mmoja nyumbani wako wangapi. Mwisho karakana ilifungwa, tukapeana mikono, nikarudi nyumbani na patasi yangu butu. Sina mengi ya kuwaambia kuhusu kustaafu. Mikono huamka mapema, haijui kwamba hakuna kazi. Vyombo vya siku hizi havivuji na havihitaji mtu wa kuvilalia, nami sivilaumu. Wanaozama siku hizi ni wachache kuliko zamani, nadhani, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta.

Naishi Kibeta, nyumba ile ile. Asimwe alisoma, akafanya kazi, akaolewa, akafiwa na mume, akarudi na wanawe. Wameshakua na kuondoka. Tumebaki wawili mezani, na wa tatu yuko migombani, hatua chache kutoka dirishani.

Kwetu mvua ni nyingi. Ikinyesha kubwa, ya kugonga bati mpaka watu wasisikilizane, Asimwe huacha anachofanya na kutazama kule nje.

"Kaka," huniuliza, "unakaa?"

Namjibu kwamba unakaa.